Chakula cha Mzee na Siha ya Akili Yake

Wasikilizaji wa Isiolo, kama yupo mzee nyumbani, awe babu, au bibi, au akoo, au ayeyo, kila nyumba na lugha yake, basi msogezeeni redio, maana mazungumzo ya leo ni haki yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Mas-ala yetu leo ni chakula na akili ya mtu aliyefikia uzee. Nina maswali mawili. La kwanza ni hili: je, kile tunachokula na kukinywa kila uchao chaweza kuihifadhi akili ya mzee, au kuiharibu? Na la pili: je, hivi vidonge na poda tunavyouziwa madukani, sokoni na hata kwa njia ya simu, kwa ahadi ya kwamba vitairudisha kumbukumbu iliyopotea, vina faida gani? Nitayajibu yote mawili, la kwanza kwa urefu na la pili kwa insafu, nami nawaomba mstahimili, kwani jibu la kwanza halitupeleki Ulaya wala Marekani; latupeleka papa hapa jirani, kwa Wasamburu na Waturkana.

Lakini kwanza tuelewane juu ya kusahau kwenyewe. Mtu aliyevuka miaka sitini akisahau mahali alipoiweka miwani yake, au jina la mtoto wa jirani likamponyoka ulimini na kumrudia baada ya saa moja, hapana haja ya kutaharuki, kwani hayo humfika kila aliyejaaliwa umri. Bali mzee aliyekwenda msikitini au kanisani kwa njia moja miaka yake yote, kisha siku moja akasimama njia panda asijue ageukie wapi. Au mama aliyekuwa hodari wa kuhesabu fedha za maziwa, ambaye sasa humrudishia mnunuzi mmoja chenji mara mbili. Au mtu aulizaye swali, akajibiwa, kisha akaliuliza tena na tena kana kwamba hakujibiwa kamwe. Hao wamo katika jambo jingine, nalo ni maradhi. Narudia, wasikilizaji: ni maradhi ya ubongo, kama yalivyo maradhi ya figo au ya moyo, wala si adhabu, wala si ukaidi wa mzee, wala si pepo.

Nasema hivi kwa uchungu, maana katika nchi yetu hii, huko Kilifi na huko Kisii, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee azungukaye usiku asijue aendako, au anenaye peke yake maneno yasiyofuatana, ndiye aliye mwepesi kuliko wote kutiliwa shaka. Wako pia waliodhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba jina lake lijulikanalo zaidi limetokana na tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyewaeleza wenzake mwaka 1906 habari za mwanamke mmoja aliyepotewa na akili, ambaye ubongo wake, ulipochunguzwa baada ya kufa kwake, ulionekana umesinyaa. Lakini watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, walitangaza mwaka 2013 kwamba katika kila wazee 100 waliotimiza miaka 70, takriban 6 walikuwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, na aghalabu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na tabibu yeyote wanaugua nini. Hai ni Afrika Mashariki. Watu wake wanakula ndizi, maharage na ugali kama jirani zetu wa Meru. Basi tusijidanganye kwamba sisi tumesalimika.

Sasa tuingie katika chakula. Ubongo wa mwanadamu ni kiungo kidogo, uzito wake ni kama kilo moja na robo hivi au kuzidi kidogo, ilhali unatumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu yote tuipatayo kwa kula. Tena hauna ghala ya kuwekea akiba; kila uhitajicho huletewa na damu, saa baada ya saa, usiku na mchana, kwa mishipa ambayo mikubwa yake huonekana kwa macho, na midogo yake ni myembamba kuliko unywele. Aliye na shamba kando ya Ewaso Nyiro atanifahamu upesi: pampu ikisukuma maji kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, mpira mkubwa huenda ukavumilia, lakini vile vijimpira vya pembeni, vinavyofikisha maji kwenye mche wa mwisho, hukakamaa, hupasuka na kuziba, na mche wa mwisho ukanyauka pasipo mtu kujua sababu. Hivyo ndivyo shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita, linavyoutenda ubongo. Mara nyingine hupasua au kuziba mshipa mkubwa, mtu akapatwa na kiharusi, nasi sote tukaona. Lakini mara nyingi zaidi huziba kijishipa kimoja leo na kingine mwakani, polepole, bila maumivu na bila kelele, mpaka siku ile mzee asimamapo njia panda. Na ugonjwa wa sukari hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia yake. Wazee wengi waliopotewa na akili, walipochunguzwa, walionekana kuwa na mambo mawili kwa pamoja: yale aliyoyaona Alzheimer, na haya ya mishipa. Yale ya kwanza hatujui bado namna ya kuyazuia kwa yakini. Haya ya pili twaweza, na mlango wake mkubwa ni jikoni.

Je, tumejuaje? Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo.

Mnamo mwaka 1962 tabibu mmoja wa Chuo cha Makerere, Kampala, jina lake A. G. Shaper, alichapisha habari za uchunguzi alioufanya miongoni mwa Wasamburu, hawa hawa majirani zetu. Wakati ule, matabibu wa Ulaya na Marekani walikuwa wameanza kuamini kwamba mtu alaye mafuta ya mnyama kwa wingi, sharti damu yake ijae mafuta na mishipa yake iharibike. Naye Msamburu wa zama zile alikuwa akiishi kwa maziwa, nyama na damu, maziwa yenyewe kwa kipimo ambacho wengi wetu hatukiwezi. Basi Shaper alitarajiwa kuona nini? Na aliona nini? Aliona watu wembamba, wakakamavu, ambao mafuta ya damu yao yalikuwa machache, na ambao presha yao haikupanda kadiri umri ulivyopanda. Hilo la mwisho lilikuwa ajabu kubwa, maana katika nchi za wenye viwanda ilidhaniwa kwamba kupanda kwa presha ni sehemu ya uzee wenyewe, kama mvi.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1969 Shaper na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, uliohusu vijana wa kuhamahama, wakiwamo Wasamburu, walioingia katika jeshi la Kenya. Ninyi mnaoishi Isiolo, mji uliozungukwa na kambi za askari, hamhitaji kuelezwa maisha ya kambini: mtu hula kwa saa, hushiba kila siku, na chakula chake ni ugali, mboga na nyama iliyopikwa kwa chumvi. Vijana wale walikuwa ni wale wale, damu yao ni ile ile, ukoo wao ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha na chakula, na hususan chumvi, ambayo nyumbani hawakuitia midomoni ila kwa nadra. Nayo presha yao, baada ya muda kambini, ilianza kupanda.

Miaka baadaye, mwaka 1990, watafiti wengine walichapisha habari za Wajaluo waliohama kutoka vijijini na kwenda kukaa Nairobi. Waliwapima kabla na baada. Presha ilianza kupanda katika miezi michache tu ya kwanza, na katika mkojo wao chumvi ilikuwa imezidi, ilhali ile madini ya potasiamu, ambayo huletwa na mboga, matunda na kunde, ilikuwa imepungua. Na hatimaye, mwaka 2020, kundi la watafiti wa Kenya na Marekani lilichapisha uchunguzi wa zaidi ya Waturkana 3,000, wengine wakiwa bado wanachunga, wengine wameacha kuchunga lakini wamebaki vijijini, na wengine wamehamia miji. Waliobaki na mifugo walikuwa na siha njema ya moyo na mishipa. Walioacha mifugo wakabaki vijijini hawakutofautiana nao sana. Bali waliohamia mijini ndio waliokuwa na presha zaidi, sukari zaidi na unene zaidi. Na aliyezaliwa mjini alikuwa katika hatari kuliko aliyezaliwa nyikani akahamia mjini ukubwani.

Wasikilizaji, tuyatafakari haya kwa makini, kwani ni mepesi kuyafahamu vibaya. Je, maana yake ni kwamba nyama na maziwa havina madhara kamwe, na kila mtu ale mafuta apendavyo? La, hasha. Msamburu wa mwaka 1962 alitembea kutwa nyuma ya mifugo; alishiba msimu wa mvua na kukaza tumbo msimu wa kiangazi; hakujua soda wala sigara za pakiti, na sukari ilikuwa anasa. Aketiye dukani kutwa nzima, akala nyama choma ya mbuzi yenye chumvi usiku, akashushia kwa chai ya vijiko vinne, hana haki ya kuutolea ushahidi mwili wa yule mchungaji. Mafunzo ya habari hizi ni kwamba presha ya uzeeni hatuzaliwi nayo. Yaja na maisha tunayoyashika, na kwa hiyo yaweza kupunguzwa kwa maisha tunayoyabadili.

Na sisi wa Isiolo tumeyabadili, tena wengi wetu kwa kulazimika. Ule ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosa misimu mitano kwa kufuatana, uliua mifugo kwa mamilioni katika kaskazini ya nchi hii. Mzee aliyekuwa na ngamia au ng'ombe akajikuta pembeni ya mji, katika kijumba cha mabati, na chakula chake kikawa unga wa mahindi, mchele, mafuta ya kuganda, sukari na majani ya chai. Anapewa kwa mapenzi, wala simlaumu anayempa. Lakini hebu tuhesabu kwa pamoja: akinywa vikombe sita vya chai kwa siku, na kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, vimekuwa vijiko vingapi? Kumi na vinane. Na bado hatujahesabu mandazi. Na chumvi je? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kikijumlisha yote: ya mchuzi, ya kachumbari, ya wali, na ile iliyomo tayari katika vile vijichemraba vya kukolezea mchuzi, ambavyo watu huvitia na kisha wakaongeza chumvi juu yake.

Nini basi kifanyike? Sitawapa orodha ya vyakula vya kigeni ambavyo havifiki soko la Isiolo. Punguzeni chumvi katika chungu cha nyumba nzima, kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na ulimi utazoea. Msimpikie mzee chungu chake peke yake kisicho na ladha, kwani atakichukia na kujiona ametengwa. Punguzeni sukari kwa njia hiyo hiyo. Yaongezeni majani mabichi: mchicha, mnavu, majani ya kunde, sukuma wiki, ambayo hushuka kutoka Meru kila alfajiri kwa bei isiyoshinda bei ya soda. Maharage, pojo na kunde zenyewe. Matunda ya msimu. Na hapa kuna jambo ambalo wafugaji watanikunjia uso, lakini nitalisema: samaki. Najua wako wazee wa nyika ambao hawataki hata kumwona. Lakini mapema katika miaka ya 1960, mtaalamu mwingine aliyekuwa Makerere, Michael Crawford, alianza kuchunguza mafuta yaliyomo katika miili ya wanyama, na kazi hiyo ikamfikisha katika kauli aliyoishikilia maisha yake yote, kwamba ubongo umejengwa kwa sehemu kubwa kwa mafuta ya namna maalumu, ambayo yapatikana zaidi katika samaki. Dagaa wa ziwa Viktoria, wale waitwao omena, wanauzwa katika masoko yetu, wamekaushwa, ni rahisi, nao wanayo. Asiyeweza kuwala, asilazimishwe. Anayeweza, na awale mara mbili kwa wiki.

Tena chakula peke yake hakitoshi. Katika nchi ya Finland, profesa Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua wazee 1,260 walio katika hatari ya kupotewa na akili, wakawagawa makundi mawili: moja likapewa nasaha za kawaida, na jingine likafundishwa kula vizuri, kufanya mazoezi ya mwili, kuishughulisha akili, na kupimwa presha na sukari kwa utaratibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka miwili kundi la pili lilifanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili. Nataka mlishike neno hili, kwa pamoja. Mzee alaye mboga lakini amefungiwa chumbani kutwa, hatembei, hazungumzi na mtu, wala presha yake haipimwi, amepata robo tu ya haki yake.

Sasa nimefika kwenye vidonge, na nimeahidi insafu. Nitaanza kwa kuvitetea.

Ni kweli, wala si porojo, kwamba kuna upungufu wa lishe unaoweza kuiondoa akili ya mtu, na ukijazwa akili ikarudi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini mwa Marekani, maelfu ya maskini walikuwa wakiugua maradhi yaliyoitwa pelagra, yakiwachuna ngozi, yakiwaharisha, na mwisho yakiwatia wazimu, hata hospitali za wendawazimu zikajaa. Matabibu wakubwa walishika kwamba ni maradhi ya kuambukizwa. Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali yake mwaka 1914, alitazama chakula chao, akaona ni mahindi na mahindi tena, akaongeza maziwa, nyama na kunde katika vyakula vya nyumba za mayatima, na pelagra ikatoweka humo. Wala hayo si ya kale tu: mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, karanga zilipokatika katika posho yao wakabaki na mahindi, waliugua pelagra kwa maelfu. Basi asiyetaka kusikia kwamba chakula chaweza kuigusa akili, hizi ni hoja zisizopingika.

Na kwa wazee wetu wa leo iko vitamini moja ambayo nawaomba mlihifadhi jina lake: vitamini B12. Hutoka katika vyakula vya wanyama peke yake, nyama, maini, maziwa, mayai na samaki, mmea hauitoi. Inapopungua sana, mtu huchoka, damu hupungua, nyayo na vidole hufa ganzi, huyumba atembeapo, na kumbukumbu huvurugika hata akadhaniwa ana maradhi yasiyo na dawa, ilhali dawa ipo, sindano au vidonge, na ikiwahi humrejesha. Ni nani aliye hatarini? Kwanza, mzee yeyote, kwani tumbo la mzee huenda lisitoe asidi ya kutosha kuitenganisha vitamini hiyo na chakula. Pili, mzee aliyepoteza mifugo akabaki na ugali na chai. Tatu, na hili wengi hawalijui, mtu anayetumia kwa miaka mingi dawa ya sukari iitwayo metformin, na anayetumia kwa muda mrefu dawa za kupunguza asidi tumboni, mfano wa omeprazole. Nasema kwa mkazo: asiziache dawa hizo! Sukari isiyotibiwa itamharibu ubongo zaidi. Bali amuulize tabibu wake, "Je, yafaa nipimwe B12?" Swali hilo moja laweza kuwa na faida kuliko chupa zote za dukani.

Hayo ndiyo mema ya vidonge: kinapokosekana kitu, kijazwe. Lakini je, kwa mtu asiyepungukiwa na kitu? Hapa ushahidi umegeuka. Majani ya mti wa ginkgo, yanayosifiwa kwa kumbukumbu pengine kuliko dawa yoyote ya miti duniani, yalijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008, na waliokunywa ginkgo walipatwa na maradhi ya kusahau sawasawa na waliokunywa vidonge vitupu. Mafuta ya samaki yaliyotiwa katika vidonge, pamoja na yote niliyoyasema juu ya samaki, hayakuonyesha katika majaribio makubwa kwamba yaihifadhi akili ya mzee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya kuzuia maradhi haya, likasema waziwazi kwamba vitamini za B, vitamini E, mafuta ya namna hiyo na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kwa madhumuni hayo. Insafu inanilazimu kuongeza kwamba baada ya hapo, yako majaribio ya Marekani ambamo wazee waliomeza kidonge cha vitamini mchanganyiko kila siku walipata nafuu ndogo katika mitihani ya kumbukumbu. Ni nafuu ndogo, kwa watu wa nchi ile, na hapana aliyethibitisha kwamba ilizuia maradhi yenyewe. Nami naona mwenye fedha ya ziada ana hiari yake; lakini mwenye shilingi chache za kumlisha mzazi wake, akazitoa kwa kidonge badala ya mayai, maziwa na mboga, amefanya biashara ya hasara.

Tena si kila kisichofaa huwa hakidhuru. Ginkgo na vitamini E kwa kipimo kikubwa huweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa mtu atumiaye dawa za kuifanya damu isigande. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Basi mchuuzi akija na chupa na maneno matamu, aulizwe kwa adabu: Ndani yake mna nini, na kiasi gani? Je, imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Na kama inatibu presha, sukari, macho, viungo, nguvu za kiume na kusahau, yote kwa kijiko kimoja, ni kwa nini hospitali hazikuichukua?

Neno juu ya maziwa ya ngamia, kwani najua nitaulizwa. Mji wetu umepata sifa kwa maziwa hayo, na kina mama wa ushirika wa Anolei wameyafikisha Nairobi kwa bidii inayostahiki heshima. Ni chakula chema kwa mzee: yana protini, yana B12, na vitamini C yake yashinda ile ya maziwa ya ng'ombe. Wala haifai kuyauza kwa jina la dawa ya akili. Yanatosha kwa jina la chakula. Ila yachemsheni. Najua wako wanaoona kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu, lakini homa ya brusela iko katika mifugo yetu, nayo, katika baadhi ya watu, hufika hata kwenye ubongo.

Na miraa je? Nitapita kwa ufupi. Hupandisha presha, hukata usingizi na hukata hamu ya kula, na mambo yote matatu ni hasara kwa ubongo wa mtu mzima. Pombe nayo, ikizidi, huimaliza hifadhi ya vitamini B1 mwilini, na upungufu huo waweza kuichukua kumbukumbu ya mtu na usiirudishe.

Nimalizie kwa ile nyumba ambayo maradhi yameshaingia. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu husahau kwamba amekula, na zaidi ya hapo husahau kwamba hajala. Kiu pia haisikii vizuri. Basi msimwachie sahani mkaondoka. Kaeni naye, mle pamoja, kwani akiona mwenzake anatia tonge naye hutia. Mpeni kidogo kidogo mara nyingi, kilaini kama meno hayapo, na maji kwa saa zake. Akisema hajala ilhali amekula, msibishane naye, mpeni ndizi. Na kabla ya kukata tamaa, mpelekeni akapimwe, ama kituo cha afya kilicho karibu, ama hospitali ya rufaa ya kaunti. Wale wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa na serikali mikoba ya kazi mwaka 2023, wanazo mashine za kupima presha na sukari, nao huja mpaka mlangoni, waiteni. Mwendapo hospitali, tieni katika mfuko mmoja kila dawa aitumiayo, ya tabibu, ya kemisti, ya mitishamba na ya mchuuzi, bila kuficha hata moja kwa haya, mumwekee tabibu mezani. Kisha mwambieni tangu lini alianza kusahau, amepunguza kula tangu lini, na kama miguu yake hufa ganzi. Hayo matatu humsaidia sana.

Muda niliopewa umefika. Walio na maswali wayalete hapa idhaani, nami nitayajibu juma lijalo, inshallah.